Bisibisi ya Marehemu

Skrubu ya kwanza ilipatikana ndani ya kiatu. Karani aliingiza mguu asubuhi, akiwa tayari amechelewa kazini, akahisi kitu kinamchoma kidole gumba. Akakikung'uta kiatu, na skrubu ndogo ya rangi ya shaba ikadondoka sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya kabati. Alipoinama kuiokota akaiachia haraka. Ilikuwa ya moto, kama vile imetoka kuzungushwa muda huohuo.

Angeweza kumwita mkewe aje aone. Lakini habari ya skrubu ingezaa habari ya bisibisi, na habari ya bisibisi hakutaka ifike mezani. Akavaa kiatu, akaenda zake.

Mtu huyu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka kumi na saba. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaapisha mashahidi: anasimama, anamwambia mtu ainue mkono, amfuatishe neno kwa neno kwamba atasema kweli tupu. Alikuwa ameisema kweli hiyo mara nyingi mno mpaka ikawa kama salamu, haimgusi tena. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Karani, basi.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mkewe aliyekuwa mfamasia hospitalini, na mama yake mzazi, aliyehamia kwao magoti yalipoanza kumsaliti. Msimu wa baridi ulikuwa umekaza, na hita ya nyumba ile ilikuwa na tabia zake: mara iwake mpaka watu watoke jasho, mara izime mama akibaki amejikunja chini ya mablanketi mawili. Mkewe akanunua kidhibiti joto kipya, kile kidude cha ukutani kinachoiamrisha hita iwake au izime. Hiki kilikuwa cha kisasa, kinajua kama kuna mtu chumbani, na kinapeleka habari mpaka kwenye simu ya mwenye nyumba.

Mkewe alisema waite fundi. Fundi waliyemjua alikuwa mmoja, jirani yao wa nyumba ya nne, mzee mpole aliyeitwa Fundi Kimya kwa sababu angeweza kukufanyia kazi kutwa nzima asiseme maneno kumi. Lakini Fundi Kimya alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Karani akacheka, akasema kidude chenye skrubu nne hakihitaji fundi, kinahitaji mwanamume mwenye bisibisi.

Dukani alikwenda moja kwa moja kwenye bisibisi za umeme, akachagua mashine kubwa kuliko zote, nzito kama nyundo, akaishika kwa mikono miwili kama aliyezaliwa nayo. Muuzaji alikuwa dada mmoja aliyechomeka penseli kwenye nywele. Akamuuliza anataka kuifanyia nini. Karani akamwambia, kwa sauti ya kutosha duka zima kusikia, kwamba anafunga kidhibiti joto, na hapendi vitu vya kitoto.

"Hiyo ni ya kutoboa zege, kaka," dada akasema kwa upole. "Ukikazia nayo skrubu za kidude cha plastiki utakipasua chote."

Akamwonyesha nyingine, ndogo, inayoenea kiganjani. Akamweleza kwamba kwa kazi ile anahitaji kitu chepesi, chenye pete ya kupunguza nguvu ili kikifika mwisho kijizuie chenyewe, chenye sumaku nchani ili skrubu zisidondokee ndani ya ukuta, na kitufe cha kugeuza upande, kukaza au kufungua. Nyuma yao mteja mmoja akacheka chini kwa chini. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Karani dukani mikono mitupu. Alisema anaulizia tu kwa niaba ya mtu, akatoka masikio yakimwaka moto.

Mtu mwingine angerudi kesho yake, au angeenda duka jingine. Lakini njiani alikumbuka kwamba bisibisi kama ile aliyoonyeshwa, pete na sumaku na kila kitu, aliwahi kuiona mkononi mwa Fundi Kimya.

Mjane alimpokea vizuri, akamketisha, akamletea maji. Vifaa vya marehemu vilikuwa vimepangwa rafuni, nyundo na koleo na misumeno. Bisibisi haikuwemo. Ilikuwa nje, kibarazani nyuma ya nyumba, ndani ya sanduku la bati, imeviringishwa kitambaa, ncha ikichungulia. Karani aliiona mjane alipolifungua sanduku kumtafutia utepe wa kufungia nyaya aliouomba. Akaitazama. Akaitamani. Na mdomo ukamtangulia.

"Shemeji, hiyo marehemu aliniahidi."

Mjane akaitoa kitambaani. "Alikuahidi yeye mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Na akakueleza?"

Karani hakujua anaulizwa nini. Lakini aliyekwisha kusema uongo mmoja huona wa pili ni mdogo. "Alinieleza yote," akasema.

Mjane akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaiviringisha upya, akampa kwa mikono miwili. Karani alitoka pale akijiambia kwamba marehemu haitaki tena, na mjane hajui kuitumia, na kwamba kama angekuwa hai bila shaka angemwazima. Hoja zote tatu zilikuwa nzuri, wala hazikumsaidia. Alitembea kwa kujibanza ukutani kama mtu aliyeiba kuku.

Kazi yenyewe ilikwenda kwa uzuri wa kutisha. Alizima umeme, akatoa kidude cha zamani, akaunganisha nyaya, akaweka kipya. Bisibisi ilikuwa kana kwamba inajua. Ilizivuta skrubu zenyewe, ikazikaza, ikajizuia palepale panapotakiwa. Dakika kumi, kwisha. Chumba kikaanza kupata joto taratibu, na mama yake akanyoosha miguu, akasema, "Kumbe mwanangu una mikono." Karani akaitikia kwa kicheko kifupi na kuingia bafuni kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Ile skrubu ya kiatuni ilikuja asubuhi iliyofuata. Baada ya hapo zikafuatana. Mpini wa sufuria ukabaki mkononi mwa mkewe, sufuria ikaenda chini. Kitasa cha mlango wa choo kikachomoka. Kioo kikaanguka kutoka ukutani, na kila ilipopatikana skrubu ilikuwa nzima, haijakatika wala kuliwa na kutu, imefunguliwa tu, tena ya moto. Pamoja na hayo kukawa na harufu, harufu ya waya unaoungua ndani ya vumbi lenye unyevu, isiyotoka mahali popote ukienda kunusa, bali ipo tu ukigeuka. Na kila jua linapozama, wakati taa za jirani zinaanza kuwashwa moja moja, kulisikika kutoka kwenye droo ya jikoni mlio mfupi, zzz, halafu kimya, halafu zzz nyingine, kama mtu mwangalifu anayefanya kazi bila kutaka kuwasumbua wenye nyumba.

Karani aliifungua droo ile siku ya tatu. Bisibisi ilikuwa imelala kama alivyoiacha, ila kitufe chake kilikuwa upande wa kufungua. Akakirudisha upande wa kukaza. Kesho yake kilikuwa upande wa kufungua. Hakuwa ameichaji hata mara moja, na taa yake ya kijani haikufifia.

Siku ya tano alikuwa mahakamani, amesimama mbele ya shahidi aliyeinua mkono, akianza yale maneno yake ya kila siku, ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Alipoketi akaitazama chini ya meza. Kidhibiti joto kilikuwa kimemwandikia: *Kuna mtu sebuleni. Joto limepandishwa hadi nyuzi 34.* Mkewe alikuwa kazini. Mama alikuwa kwenye mazoezi ya magoti, amepelekwa na dada yake Karani tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa imefungwa na funguo zote mbili zilikuwa na wenyewe.

Akaomba ruhusa, akaenda. Ilikuwa adhuhuri, jua baridi limesimama juu ya mtaa, watu wanapita na mifuko yao, na ndiyo maana hakujiandaa kwa lolote, maana nani huogopa mchana kweupe, akaingiza ufunguo, akasukuma mlango, na joto likampiga usoni kama anayefungua tanuri ya mikate, na ndani ya joto hilo ile harufu ya waya na vumbi, nzito sasa, inayokaa ulimini, na alipopiga hatua mbili akaona kwamba viti vyote vinne vya meza ya chakula vimegeuzwa kutazama ukuta wenye kidhibiti joto, kama watu waliokaa kusikiliza, na juu ya meza skrubu zote za viti hivyo zimepangwa kwa mstari ulionyooka, kubwa kwanza, ndogo mwisho, kwa adabu ya fundi anayejua atazihitaji tena, na mbele ya mstari huo, mahali ambapo mtu angeegemeza viwiko vyake, ubao wa meza ulikuwa na alama mbili za unyevu, za viwiko viwili, ambazo zilikauka taratibu huku akizitazama mpaka zikatoweka.

Alikaza viti vyote kwa kisu cha jikoni, jasho likimtiririka. Kimoja kilibaki na skrubu mbili badala ya nne, nyingine hazikuingia, akakisukuma pembeni ya dirisha. Halafu akarudi kazini.

Jioni ile mkewe alikaa naye jikoni, akafunga mlango, akashusha sauti. Alisema amefikiri sana. Vitu vinafunguka mchana, na mchana anayebaki nyumbani ni mmoja. Alisema hospitalini ameona wazee wengi wanaoanza hivyo, mikono inatafuta kazi, akili haijui inafanya nini. Hakusema kwa ubaya. Macho yake yalikuwa na machozi.

Hapo ndipo Karani alipopewa nafasi yake, wazi kabisa, kama mlango ulioachwa bila komeo. Alijua mama yake hakuwepo adhuhuri ile. Alijua kilichokuwa ndani ya droo, hatua mbili kutoka alipokaa. Angesema sentensi moja tu. Lakini nyuma ya sentensi hiyo alimwona mjane akiuliza, *Na akakueleza?*, akamwona mkewe akimtazama kwa jicho jipya.

"Uzee ni uzee," akasema. "Labda tumwambie dada amchukue kwa muda."

Nje ya mlango fimbo ya mama ikagonga sakafu mara moja, kisha ikaenda polepole kuelekea chumbani.

Siku iliyofuata, saa nne asubuhi, mama alikwenda kukaa karibu na dirisha ili aote jua. Jirani ndiye aliyesikia kishindo. Mama alikuwa amevunjika mkono juu kidogo ya kifundo, na usiku huo alilala wodini. Aliporudi na mkono wake ndani ya plasta nyeupe hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kiti kilimkimbia. Dada akaanza kupanga lini aje amchukue.

Mkewe Karani ndiye aliyeusikia ule mlio kwa masikio yake mwenyewe, na safari hii mama alikuwa amelala mbele ya macho yake, akajua si yeye. Hakupiga kelele. Alitoka nje na simu, akamwita mwanamke mmoja aliyewahi kuwa nesi pale hospitalini, mstaafu sasa, ambaye wagonjwa walimwita Bibi Sindano. Baada ya kustaafu sindano alikuwa ameshika kazi ya mama yake na bibi yake, ya kusema na wasioonekana, na watu walimheshimu kwa kuwa hakuwa na mbwembwe.

Alikuja alasiri na mkoba wa kawaida. Akazunguka nyumba nzima akinusa kama anayetafuta panya aliyekufa. Jikoni akasimama, akafungua droo, akaitoa bisibisi kwa kitambaa cheupe, akaiweka juu ya meza. Akawaketisha mume na mke.

"Hiki mlikipataje?" akauliza taratibu.

Mkewe akamwangalia mumewe. Karani akajibu kwamba alinunua dukani.

Bisibisi ikajizungusha pale mezani, polepole, kama mshale wa dira, mpaka ncha ikamwelekea kifuani. Juu yao taa ya dari ikalegea, ikaning'inia kwa waya, na skrubu moja ikadondoka katikati ya meza, ikitoa moshi.

Bibi Sindano hakushtuka. Aliifunika skrubu kwa kiganja. "Nilikuwa nesi miaka thelathini," akasema, sauti yake ikiwa chini kiasi kwamba ilibidi wamwinamie. "Mgonjwa anayenificha kidonda simtibu. Naweza kuondoka sasa hivi. Lakini nikiondoka, baba, huyu mgeni ataendelea na kazi yake, na nyumba ina vitu vingi vya kufungua. Dari. Mabomba ya gesi. Mifupa pia imefungwa kwa namna yake."

Karani, aliyewaapisha maelfu, hakuwa amewahi kukaa upande ule wa meza. Alianza na dukani, na kicheko cha yule mteja. Akafika kwa mjane. Alipofika kwenye neno alilosema jikoni kuhusu uzee, mkewe aliutoa mkono wake juu ya meza na kuuweka mapajani, na hakuurudisha. Ni bora angemtukana.

Bibi Sindano alisema dawa yake ni nyepesi kubeba lakini ngumu kumeza: airudishe kwa mkono wake, na aseme kweli palepale aliposemea uongo, kwa mdomo uleule.

Alikwenda kabla jua halijazama. Ile bisibisi ilikuwa nzito mkononi kuliko siku aliyoichukua, na ya moto, akawa anaihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile kama muhogo uliotoka jivuni. Mjane alikuwa kibarazani. Karani hakuketi. Alisema yote akiwa amesimama mbele ya sanduku la bati, macho chini, kwamba marehemu hakumwahidi, kwamba hawakuwahi hata kuzungumza habari hiyo, kwamba alisema uongo kwa mjane wa jirani yake kwa ajili ya kifaa ambacho angeweza kukinunua.

Mjane akashika shavu.

"Nilidhani alikueleza," akasema. "Nilikuuliza. Ukaniambia alikueleza yote. Mimi ningekueleza mwenyewe."

Akamweleza sasa. Mumewe aliikuta bisibisi ile katika nyumba moja aliyoitwa kuifanyia matengenezo, nyumba iliyohamwa, na ndani ya bisibisi hiyo yumo mmoja wa wasioonekana. Si mbaya ukimjua. Anafanya kazi kuliko binadamu. Lakini halali ndani ya nyumba ya watu, ndiyo maana sanduku lilikaa kibarazani, na hastahimili uongo. Kila jioni Fundi Kimya alikaa pale nje akamhadithia kazi za siku, bila kuongeza wala kupunguza, na maneno yake yote aliyaweka akiba kwa ajili hiyo. Penye uongo, yule hufungua. Alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe asimpe mtu yeyote ila aliyeelezwa.

"Kwa hiyo nikakupa," mjane akasema. "Nikafurahi kwamba amepata mwenzake."

Bisibisi ilikuwa imepoa mkononi mwa Karani. Hakujua imepoa saa ngapi. Mjane akaipokea, akaiviringisha, akafunga sanduku, akaketi kando yake na kuanza kulisemesha kwa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza mgeni aliyesumbuliwa. Hakumuaga Karani, na Karani hakuthubutu kuaga.

Usiku ule haukusikika mlio wowote, wala siku iliyofuata. Bibi Sindano alipita vyumba vyote, akanusa, akasema ameondoka. Karani alikaza upya nyumba nzima kwa bisibisi ya mkono, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Mkewe alimshikia ngazi. Walizungumza mambo ya ngazi tu.

Ikabaki jambo moja. Alilizunguka siku nzima. Mwisho akaingia chumbani kwa mama yake na kikombe cha chai, akakaa pembeni ya kitanda. Begi lilikuwa tayari limefungwa, dada angekuja kesho.

"Mama, hutaenda popote," akasema. "Si wewe uliyekuwa unafungua vitu."

"Najua si mimi. Mtu hujijua."

Akamwambia kwamba na yeye alijua, tangu mwanzo, na akanyamaza. Kwamba kile kiti alikijua kuwa kibovu. Machozi yakamtoka, akayaacha. Mama alikunywa chai kidogo, akakirudisha kikombe kwenye kisahani kwa mkono wake mmoja mzima.

"Yule mwenzako anayefungua vitu alikuja," akasema. "Siku ile nilipoanguka. Nikiwa bado sakafuni, jirani hajafika. Akachuchumaa hapa karibu yangu, ana joto kama jiko. Akasema, 'Mama, nisamehe. Kiti kile nilimtegea mwanao. Sikujua utakikalia wewe.'" Akautazama mkono wake ndani ya plasta. "Alikuwa na adabu sana. Aliniomba radhi mara tatu."

Kisha akamgeukia mwanawe, bila hasira, kama anayeuliza tu habari.

"Na wewe, mwanangu, siku zote hizi ulikuwa wapi?"